Furaha imepanda, watu wanaondoka: dodoso letu lina kasoro gani?

BARUA

Ndugu Mshauri,

Kamwene. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni moja ya chai huku Mufindi. Tuna wafanyakazi 340: wachumaji 190, watu wa kiwandani 110, na 40 wa ofisini na maabara. Januari mwaka huu mkurugenzi alirudi kutoka kwenye semina Dar es Salaam akaagiza tuanze kupima furaha ya wafanyakazi kila mwezi. Nikatengeneza dodoso la maswali 25, majibu ni 1 hadi 5, na mwishoni kuna nafasi ya mtu kuandika maoni yake.

Linki naituma kwenye magrupu ya WhatsApp ya kila idara. Wenye vitochi wanajazia kwenye simu ya msimamizi wao. Majina hatuulizi. Tunauliza tu idara (ziko sita), jinsia, rika (makundi manne) na miaka ya kazi (makundi manne). Ili watu wasichoke, kila anayejibu anapewa vocha ya shilingi 1,000, kwa hiyo mwisho wa dodoso anaandika namba ya simu.

Januari walijibu 240, wastani ukawa 3.6. Juni wamejibu 95 tu, lakini wastani umepanda hadi 4.3. Mgawanyo wake ni huu. Januari: ofisi na maabara 36 (wastani 4.4), kiwanda 80 (3.7), wachumaji 124 (3.3). Juni: ofisi na maabara 34 (4.6), kiwanda 31 (4.1), wachumaji 30 (4.1).

Mkurugenzi amefurahi sana. Anataka kuanzia Julai bonasi ya wasimamizi ifuate alama za idara zao. Mimi sina amani. Tangu Januari watu 22 wameacha kazi, baadhi wamekwenda kwenye parachichi Njombe, na Jumatatu ya juzi wachumaji 31 hawakutokea. Tena kuna jambo linanisumbua. Aprili mtu aliandika kwamba zamu ya usiku ya boila hawana hata pa kuchemshia chai. Niliweka maoni yote kama yalivyo kwenye taarifa ya wasimamizi. Boila usiku wanafanya watu wawili. Wiki iliyofuata mmoja wao alihamishiwa kupanga kuni.

Niongeze vocha? Nipunguze maswali? Au hili dodoso niliache kabisa?

Afisa Rasilimali Watu, Mufindi


JIBU

Dada wa Mufindi,

Kamwene. Vocha na idadi ya maswali vitasubiri. Anza na huyo mtu wa boila, maana hapo kwenu kila mtu anajua kilichompata na kila mtu ameshapata somo lake. Chukua majibu yako ya mwezi kwa mwezi uone kama anguko kubwa halikuja Mei.

Mweleze mkurugenzi kwamba mtu huyo anatakiwa kurudi kwenye nafasi yake, ila asirudishwe kwa tangazo, kwa sababu tangazo litathibitisha kwamba ndiye aliyeandika, na pengine si yeye, ni mwenzake. Pangeni upya zamu za boila kwa wote, naye arudi kupitia mpango huo. Msimamizi aliyemhamisha apewe maelekezo kwa maandishi: maoni ya dodoso hayatumiki kupanga zamu, kuhamisha wala kuadhibu. Na hiyo chai yao ya usiku ipate ufumbuzi wiki hii. Birika la umeme la lita mbili haligharimu hata nusu ya shilingi 95,000 mlizotumia kwa vocha za Juni. Kiwanda cha chai ambacho watu wake wa usiku hawana chai! Mpaka hayo yafanyike, usitume dodoso jingine lolote.

Tuje kwenye namba. Shaka yako ni ya haki, na jedwali uliloniandikia linatosha kuithibitisha. Watu wa ofisini na maabara ni 40 kati ya 340, yaani asilimia 12 ya kampuni. Januari walikuwa asilimia 15 ya waliojibu. Juni ni 34 kati ya 95, asilimia 36. Kundi lenye alama ya juu kuliko yote limebaki karibu zima, na wachumaji wamepungua kutoka 124 hadi 30.

Sasa fanya hesabu hii mbele ya mkurugenzi. Chukua idadi ya waliojibu Juni, lakini tumia wastani wa Januari, kana kwamba hakuna hata mmoja aliyebadili mawazo. Ofisi 34 mara 4.4 ni 149.6. Kiwanda 31 mara 3.7 ni 114.7. Wachumaji 30 mara 3.3 ni 99. Jumla 363.3, gawanya kwa 95, unapata 3.8. Wastani umepanda kutoka 3.6 hadi 3.8 bila mtu yeyote kufurahi zaidi. Umepanda kwa sababu waliojibu si walewale.

Bado kuna nusu alama, kutoka 3.8 hadi 4.3. Hiyo imetokea ndani ya makundi yenyewe, na ina maelezo mawili. Ama hali imeboreka kweli, ama ndani ya kila kundi wenye manung'uniko ndio waliotangulia kunyamaza. Majibu ya dodoso peke yake hayawezi kukuambia ni lipi. Mambo ya nje ya dodoso yanaweza, na umeyaandika mwenyewe. Wachumaji 31 kati ya 190 kutotokea siku moja ni asilimia 16. Watu 22 kuacha kazi kwa nusu mwaka ni kama asilimia 6.5 ya kampuni, na kwa mwendo huo mtafika 13 kwa mwaka. Tena ni Juni: baridi imeingia, chai inachipua polepole, kilo zimeshuka, na mchumaji analipwa kwa kilo. Mfuko wake umepungua halafu furaha yake imetoka 3.3 kwenda 4.1? Mimi siiamini namba hiyo, na wewe usiisaini.

Kuhusu wale 22, wapigie simu. Mtu aliyekwisha kuondoka hana cha kuogopa. Muulize mawili tu: nini kilikufanya uanze kutafuta kazi kwingine, na nini kingekuzuia. Ni kazi ya jioni mbili au tatu, na utapata mengi kuliko uliyopata kwenye raundi sita. Usiulize "kwa nini uliacha", maana kwa swali hilo utaambiwa "mambo ya familia tu".

Sasa usiri. Umesema majina hamuulizi. Ni kweli, lakini mnauliza namba ya simu! Kwa Tanzania ya leo laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Mtu akiandika namba ameandika jina lake la kwenye kitambulisho cha NIDA. Kila mchumaji anaelewa hivyo. Zaidi ya hapo, namba ikikaa mstari mmoja na majibu ni taarifa binafsi kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kampuni inawajibika kuitumia kwa kusudi lililotajwa tu na kuilinda. Leo hii toa safu ya namba kwenye faili la majibu. Kama mhasibu anahitaji kumbukumbu ya vocha, abaki na orodha ya namba peke yake, isiyo na majibu wala muda wa kujibu.

Hata bila namba mlikuwa mnatambulika. Idara sita, mara jinsia mbili, mara rika nne, mara makundi manne ya miaka kazini, ni visanduku 192. Watu ni 340. Kila sanduku lina wastani wa watu wasiofika wawili, na mengi yatakuwa na mmoja. Mwanamke wa maabara mwenye miaka zaidi ya hamsini aliyeajiriwa mwaka jana hahitaji kuandika jina. Kwa kampuni yenu uliza jambo moja tu la utambulisho: shamba, kiwanda au ofisi. Basi.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni kutotoa matokeo ya kundi ambalo waliojibu hawafiki watano, na kwa maoni ya kuandika wengi hupandisha hadi kumi. Ila kuna mtego ambao hata wazoefu wanaukanyaga. Ukitoa matokeo ya idara yenye waliojibu 12, kisha ukatoa ya wanaume 9 wa idara hiyo, msimamizi mwenye kikokotoo atafanya hesabu ya kutoa na kupata majibu ya wanawake watatu. Kundi likifichwa, kagua kama haliwezi kupatikana kwa kutoa.

Na maoni ya kuandika usiyabandike tena kama yalivyo. Yasome wewe, yapange kwa mada, uandike "watu 14 wametaja usafiri wa asubuhi", na yale ya mtu mmoja mmoja yenye dalili ya mahali au zamu yaandike upya kwa upana. "Zamu ya usiku ya boila hawana pa kuchemshia chai" ingekuwa "huduma za chakula na vinywaji kwa zamu za usiku zinahitaji kuangaliwa". Inapoteza ladha, lakini hakuna anayehamishwa.

Kujazia kwenye simu ya msimamizi sina haja ya kukueleza sana. Nani atampa nyapara alama ya 1 akiwa ameshika simu ya nyapara huyohuyo?

Hiyo njia ya linki iache kwa ofisi tu. Kwa shamba na kiwanda tumia karatasi na sanduku. Karatasi moja ya A4 ikikatwa mara nne inatoa vipande vinne. Watu 340 wanahitaji karatasi 85. Hata ukichapa za kijani kwa shamba, njano kwa kiwanda na nyeupe kwa ofisi, gharama haifiki vocha za mwezi mmoja, na rangi inakuondolea swali la idara. Kalamu zote ziwe za bluu na aina moja. Kwenye maswali watu waweke tiki, wasiandike. Hati ya mtu inajulikana.

Siku ya kujaza isiwe siku ya mshahara wala siku inayofuata, kwa sababu utapima pesa za mfukoni. Isiwe kwenye mizani ya majani pia, mbele ya karani anayepima. Iwe asubuhi kabla ya watu kugawanywa mashambani, na kwa kiwanda iwe kwenye kubadilishana zamu ili watu wa usiku wapate nafasi bila kuitwa mchana wakiwa wamelala. Dakika kumi hizo zilipwe. Mchumaji anayelipwa kwa kilo akisimama dakika kumi bila malipo, anaanza kujibu akiwa na hasira nawe, na hasira hiyo inaingia kwenye karatasi.

Wasimamizi wakae mbali, mahali wasipoona karatasi. Anayesoma maswali kwa sauti asiwe wa idara hiyo. Asome kila swali mara mbili. Kama kuna wazee wanaoelewa Kihehe vizuri zaidi, tafsiri iandikwe mapema na msomaji aisome ilivyo. Kila msomaji akitafsiri kwa kichwa chake, utakuwa umefanya madodoso matatu tofauti bila kujua.

Jambo dogo lenye faida kubwa: kila mtu akunje karatasi na kuiingiza kwenye sanduku, hata asiyetaka kujibu. Aiingize tupu. Hapo hakuna anayejua nani amegoma. Karatasi tupu nazo zihesabiwe kwa kila rangi, maana ni kipimo cha woga ambacho wastani hautakuonyesha kamwe. Sanduku liwe na makufuli mawili, ufunguo mmoja kwako na mwingine kwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, na kuhesabu mfanye pamoja. Kama tawi halipo, wachumaji wachague mtu wao. Hesabu karatasi zilizotoka na zilizorudi. Zikizidi zilizotoka, kuna mtu amechapa zake.

Maswali. Ishirini na tano kila mwezi ni mengi, lakini wingi si ugonjwa mkubwa. Ugonjwa ni aina ya swali. Mtu akiulizwa habari za kazi hujibu "nzuri" hata kama ametoka kugombana na nyapara dakika tano zilizopita, ni adabu, na ukimuuliza "una furaha kazini?" anakupokea kwa adabu ileile. Muulize jambo alilolishuhudia, ndani ya muda unaotajwa. Dodoso la kampuni ya Gallup ya Marekani, ambalo linatumika sana duniani, lina maswali 12 tu, na mojawapo linahusu kama mtu ana vifaa vya kufanyia kazi yake. Vifaa vinaonekana. Furaha kila mtu ana yake.

Kwa kwenu ningeanza na matano haya, kila moja likianza na "katika wiki mbili zilizopita" isipokuwa la mwisho, na majibu yawe Ndiyo, Mara nyingine, Hapana:

Kilo zilizoandikwa kwenye kadi yako zililingana na ulizoziona kwenye mizani? (Kwa kiwanda: saa za ovataimu zilizoandikwa zililingana na ulizofanya?)

Ulikuwa na vifaa vyote vya kazi yako: mkasi, kapu, koti la mvua, buti, glavu?

Msimamizi wako alizungumza nawe kwa heshima?

Ulipopeleka tatizo, ulijibiwa ndani ya siku saba, hata kama jibu lilikuwa hapana? (Hapa ongeza kisanduku cha "Sikupeleka".)

Ungemshauri ndugu yako aje kufanya kazi hapa?

Na nyuma ya karatasi, kwa anayetaka: jambo gani moja likitengenezwa ndani ya miezi mitatu litakusaidia zaidi? Mwenye kuogopa hati yake amwambie mwakilishi aliyechaguliwa, ambaye ataliandika.

Vipimo vya ngazi tano unavyotumia si vibaya. Mmarekani Rensis Likert alivianzisha mwaka 1932 na vinafanya kazi mpaka leo kwa watu waliozoea fomu. Lakini ukisoma kwa sauti shambani, tofauti ya "nakubali" na "nakubali sana" inapotea hewani. Ngazi tatu zinatosha. Picha za nyuso nazo ziepuke kama watu wanaweza kusoma neno moja. Wapo wanaochagua uso unaocheka kwa sababu tu unapendeza.

Usiunganishe mambo mawili kwenye swali moja. "Msimamizi wangu ni mwadilifu na ananisikiliza" haliwezi kujibiwa na mtu ambaye msimamizi wake anamsikiliza vizuri halafu anampunja kilo. Usitumie "sijawahi kukosa" wala maneno ya kukanusha. Wapo watakaojibu kinyume. Kabla ya kuchapa, wape watu sita au wanane wa idara tofauti wakurudishie kila swali kwa maneno yao wenyewe. Wawili wakikosea swali moja, kosa ni la swali.

Huenda mkurugenzi alisikia semina kuhusu kile kipimo cha 0 hadi 10, cha kama ungeipendekeza kampuni. Kilianza kwa wateja, Fred Reichheld alikitangaza mwaka 2003. Wanaotoa 9 na 10 wanahesabiwa washabiki, 7 na 8 hawahesabiwi popote, 0 hadi 6 wanahesabiwa wapinzani, kisha asilimia ya wapinzani inatolewa kwenye ya washabiki. Tatizo ni kwamba kwa mtu aliyesoma shule zetu, 7 kati ya 10 ni alama nzuri. Anakusifu, wewe unamtupa. Anayetoa 6 anadhani amekupa wastani mzuri, wewe umemwita mpinzani. Acha.

Kuna maswali ambayo hayapaswi kuwemo kabisa, nayo ni yale ya haki za kisheria. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, ovataimu hulipwa si chini ya mara moja na nusu na haizidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne, kazi ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na likizo ya mwaka ni siku 28. Hayo huyaulizii kama watu "wameridhika". Chukua majina 20 kwa bahati nasibu, daftari la mahudhurio upande mmoja na malipo upande wa pili, ukague. Swali langu la kwanza hapo juu linakusaidia kujua pa kukagua, halichukui nafasi ya ukaguzi. Na kama idadi ya "hapana" kwenye kilo itakuwa kubwa, nenda kwenye mizani: nani anaiseti sifuri asubuhi, kapu na unyevu vinakatwa kilo ngapi, na nani aliamua kiasi hicho.

Mara ngapi? Kila mwezi ni mno kwenu, kwa sababu ya matengenezo zaidi kuliko maswali. Makoti ya mvua 190 yanahitaji ankara za bei, sahihi ya mkurugenzi, muuzaji na lori la kuyaleta hadi Mafinga, mwezi unaisha kabla hayajafika, na wewe unauliza tena "una vifaa vyote?" Mtu akijibu hapana mara tatu bila kuona kitu, mara ya nne hajibu. Fanya mara nne kwa mwaka: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Linganisha Machi na Machi, Juni na Juni, kwa sababu Machi ni mvua na kilo nyingi, na Juni ni baridi. Ukilinganisha Machi na Juni unapima hali ya hewa.

Na usirukie tofauti ndogo. Kiwandani wakijibu 90, "ndiyo" 54 ni asilimia 60 na "ndiyo" 59 ni asilimia 66. Hiyo "asilimia sita" ni watu watano, ambao pengine waliamka vizuri siku hiyo. Kwenye kundi la watu wanane, mtu mmoja peke yake ni asilimia 12.5. Kwa ukubwa wenu, ningesubiri tofauti ya asilimia 10 hadi 15 kwenye shamba au kiwanda kabla ya kuita kikao, na kwa ofisi ningeangalia kama mwelekeo unajirudia raundi mbili.

Matokeo yarudi kwa watu ndani ya siku kumi za kazi, yasomwe palepale walipojazia na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Yawe na sehemu tatu fupi: mlichosema, tutakachofanya na tarehe yake na jina la mhusika, na tusichoweza kufanya na sababu yake. Hiyo ya tatu wakurugenzi wengi huiogopa. Watu huvumilia "hatuwezi kuongeza bei ya kilo msimu huu" kuliko kunyamaziwa. Chagua mambo mawili ya kutengeneza, yasizidi matatu, na moja liwe la kumalizika ndani ya wiki mbili.

Limebaki suala la bonasi, na hapa simama imara. Siku msimamizi atakapolipwa kwa alama ya idara yake, atakuwa na sababu ya kuwaambia watu wajaze nini, kuwapa ruhusa wanaomsifu na kuwachosha wasiomsifu. Huyo siyo mtu mbaya. Mmempa bei ya kila tiki. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliliona jambo hilo mwaka 1975 kwenye sera za fedha: kipimo kikishageuzwa kuwa lengo, hakikuonyeshi tena ulichotaka kupima. Mwambie mkurugenzi kwamba namba aliyonayo ya 4.3 imeshapotoka bila bonasi. Akiweka pesa juu yake atapata 4.8 na mashamba yasiyo na wachumaji.

Kama lazima msimamizi alipwe kwa jambo la watu wake, alipwe kwa mambo yanayokaguliwa na mtu mwingine: malalamiko yaliyojibiwa ndani ya siku saba, kilo za kadi kulingana na za mizani kwenye ukaguzi wa kushtukiza, vifaa vya kinga kutolewa kwa wakati. Asilimia ya waliojibu nayo usiilipie, maana ataijaza mwenyewe.

Taarifa ya mkurugenzi iwe ukurasa mmoja. Safu tatu: shamba, kiwanda, ofisi; msiweke wastani wa kampuni nzima kabisa. Mistari: waliopaswa kujibu, waliojibu, karatasi tupu, asilimia ya "ndiyo" kwa kila swali, kisha chini yake waliokosa kazi Jumatatu, walioacha kazi, na malalamiko yaliyofunguliwa na kufungwa kwa miezi hiyo mitatu. Akiona "ndiyo" zinapanda huku walioacha kazi wanapanda, atauliza mwenyewe.

Raundi ya Julai iahirishe. Julai ni ya mtu wa boila, simu 22 na kukagua mizani. Agosti jaribu maswali kwa wale watu wanane. Septemba peleka sanduku shambani.